Siri za uzazi nimeziweka kwenye kompyuta: nizifunge au niziache wazi?

Mwangaluka mayu, mama mshauri, na kama unasoma jioni basi mwadila. Mimi ni bibi wa Kasoli huku Bariadi, macho yangu yana ukungu na shule sikwenda, kwa hiyo anayeandika hapa ni Justina mke wa katekista, mimi nasema yeye anaandika, na nimemwambia aandike kama ninavyosema asinitengenezee, maana juzi alimwandikia mzee mmoja barua ya kwenda kwa mwanae Mwanza, akaitengeneza mpaka mwanae akajibu anauliza hii barua imetoka ofisi gani. Naomba unisaidie, mayu, nimefanya kitu na sasa kimenishinda, na watu wa kuwauliza hapa ndio hao hao ambao siwezi kuwaambia.

Mimi nimezalisha. Tangu mume wangu Masunga yuko hai nimezalisha wamama wa hapa na vijiji vya pembeni, miaka arobaini na moja, mpaka magari yakaanza kuwafikisha hospitali nikapumzika. Sikuandika hata mtoto mmoja, ningeandika na nini, lakini wote nilikuwa nao kichwani, na nilikuwa nawapanga kwa misimu, maana sisi huku mwaka hauna namba, mwaka una pamba. Kuna mwaka wa pamba ya viwavi, kuna mwaka wa pamba iliyolala, ile watu walivuna ikalala kwenye magodauni ya ushirika mpaka panya wakazalia humo, kuna mwaka wa pamba ya mvua mbili. Ukiniuliza fulani alizaliwa lini nakwambia pamba iliyolala, wakati wa palizi, mama yake alifika kwangu jembe bado liko begani.

Sasa mkunga haoni mtoto tu. Mwanamke akiwa kwenye uchungu anasema. Wengine wanatukana, wengine wanaita mama zao waliokufa zamani, na mmoja mmoja anataja jina la mwanaume, na jina lenyewe siyo la yule aliyekaa nje anakunywa togwa anangoja aambiwe ni wa kiume au wa kike. Mimi nilisikia, nikamkata mtoto kitovu, nikanyamaza. Halafu unajua huku kwetu kijana akitaka kuoa wazee wanatumwa kuulizia ukoo, wasije wakaoana ndugu, na wakishamaliza kuulizia kwa wanaume walikuwa wanapita kwangu kama wanapita kusalimia tu, wanakaa, wanasifia mihogo yangu, halafu ndiyo wanasema, Bibi, kijana wetu ameona binti mahali fulani, unaonaje. Nikisema sawa wanaendelea na mambo yao ya ng'ombe. Nikisema hapana, wanashika fimbo zao wanaondoka, hawaulizi kwa nini, na posa inaishia hapo. Hakuna aliyenipa kazi hiyo. Nimesema hapana mara saba maisha yangu yote, na zote saba nilikuwa na uhakika.

Mjukuu wangu Ngassa, mtoto wa mwanangu marehemu, ana chumba cha kompyuta pale Somanda, watu wanakwenda kuandikiwa barua na kujifunza. Mashine zake siyo za ile aina ya watu wote. Aliniambia hii ni Linux, Bibi, na Linux imetokana na mkubwa mmoja wa zamani anaitwa Unix, na huyo Unix ana watoto wengi, wengine wanafanana wengine hawafanani lakini tabia moja. Nikamwambia hapo nimekuelewa, hao ni ukoo. Basi siku moja amekuja kunitembelea akaniambia:

"Bibi, umeanza kusahau. Leo umeniita Masunga mara mbili."

"Nakuita babu yako kwa sababu umekaa kivivu kama yeye."

"Sitanii, Bibi. Njoo useme yote kwenye mashine. Kabla."

"Kabla ya nini?"

Akainama kukaza mnyororo wa baiskeli yake.

"Sema, kabla ya nini? Kufa? Mbona neno dogo tu, linakushinda nini."

Nilikwenda, mayu. Siku tisa ananibeba kwenye baiskeli mpaka barabarani, tunapanda gari, nafika Somanda naingizwa chumbani naambiwa ongea hapa, kuna kidude kama kichwa cha nyoka. Nikamwambia Ngassa washa halafu toka, funga na mlango, maana mengine hata wewe huruhusiwi. Akatoka. Nikasema wote. Mwaka kwa mwaka, pamba kwa pamba, nani alizaliwa, nani alimtaja nani. Ngassa hakusikia hata neno, aliniuliza tu kila nikimaliza, huu ni mwaka gani, nikamwambia wa pamba ya viwavi, akaandika hivyo kwenye mashine ili apajue. Siku ya tisa nilitoka pale nikajisikia mwepesi kabisa, kama mtu aliyeshusha mtungi. Na nikwambie kitu ambacho sijamwambia mtu, baada ya kuwa mwepesi ndipo nikaanza kusahau kweli. Nadhani nilikuwa nashikilia kwa sababu hakuna mwingine wa kushika. Nilipoona mashine imeshika, nikaachia.

Kulikuwa na nakala. Usifikiri Ngassa ni mjinga. Mjukuu wangu mwingine, Mayige, mtoto wa binti yangu aliyeolewa Nassa, alikuwa anakuja kila Jumamosi na diski, kitu kama kitabu cha sala, wanaichomeka kwenye mashine inanakili kila kitu halafu anarudi nayo Nassa, ili chumba cha Somanda kikiungua au kikiibiwa, maneno yangu yako kwingine. Nilifurahi sana. Nikasema sasa hata nikifa.

Kumbe kwenye mashine ile ile kuna karani mmoja, Selestini, kijana mzuri tu, anawekea humo orodha za mnunuzi wake wa pamba. Si unajua siku hizi wanunuzi ni wengi, ushirika umelala, kila mmoja amekuja na bango lake na mizani yake na karani wake. Msimu ulipoisha mashine ikasema imejaa. Selestini akaangalia humo akakuta pamba ya viwavi, pamba iliyolala, pamba ya mvua mbili, akafikiri ni makaratasi ya misimu ya zamani ya ushirika ambayo hakuna anayeyataka tena. Akasafisha. Alisafisha siku ya Ijumaa. Jumamosi Mayige akaja na diski yake kama kawaida, wakachomeka, na ile programu ya kunakili kazi yake ni kuifanya diski ifanane na mashine, kwa hiyo ilipoona mashine haina, ikafuta na kwenye diski. Dakika chache tu. Ngassa aligundua baada ya wiki tatu. Alikuja mpaka nyumbani kwangu, akakaa chini, mwanaume mzima, akalia.

Selestini alikuja kuniomba msamaha na sukari kilo mbili. Nikamwambia mwanangu sukari nitakunywa, lakini ulichofuta hata wewe umo. Akacheka, akafikiri natania.

Basi nikarudi Somanda kusema upya. Na hapo ndipo giza lilipoingia, mayu, kwa sababu nilikaa mbele ya kile kidude na watu hawaji. Nawaita hawaji. Nilijitahidi siku kumi na mbili. Kumi na wanne sikuwapata tena. Najua ni kumi na wanne kwa sababu zamani nilikuwa nahesabu kila msimu kwa punje za mahindi kwenye kibuyu, na punje ziko, watu hawapo.

Na katika hao kuna mmoja ananinyima usingizi. Mwaka wa pamba ya mvua mbili, wiki moja, nilizalisha wanawake wawili, wote watoto wa kiume. Mmoja wao kwenye uchungu alitaja jina. Jina nalikumbuka vizuri, ni la baba yake Violeth, binti wa hapa. Mkono wake ulivyonishika naukumbuka, mvua ilivyokuwa inapiga bati naikumbuka, hata harufu ya ile nyumba. Sura sina. Sijui alikuwa yupi kati ya wale wawili. Mmoja ni Anna, mke wa Ngeleja. Mwingine walihamia Geita zamani sana, hata kama yuko hai sijui.

Justina ameweka kalamu chini. Ananiangalia. Andika, Justina, na wewe watoto wako watatu nimewapokea kwa mikono hii, ulisema maneno gani, nimewahi kuyasema popote? Haya, anaandika.

Sasa Salu, yule mtoto wa Anna wa wiki ile, anataka kumuoa Violeth. Umeona? Kama ni Anna aliyetaja lile jina, Salu anamuoa dada yake. Kama ni yule wa Geita, basi Salu na Violeth ni watoto tu wanaopendana, na mimi nikisema hapana nitakuwa nimewavunja bure. Wazee wa Ngeleja walikuja, wakasifia mihogo, wakauliza. Nikawaambia subirini pamba ivunwe. Mmoja akaniambia, "Bibi, tangu lini wewe unasema subirini? Wewe si ni sawa au hapana?" Nikasema nimezeeka. Akasema, "Kuzeeka ndiyo kufanyaje, au kuna mtu amekupa kitu useme hivyo?" Sasa maneno yanatembea kwamba nina wivu na yule binti, wengine wanasema mabaya zaidi, eti ni mchawi, na huku kwetu bibi mwenye macho mekundu akianza kusemwa hivyo, mayu, wewe unajua mwisho wake. Anna mwenyewe hasemi kitu. Jumapili baada ya misa alinishika mkono akaukaza muda mrefu, nikadhani ananisalimia, akaenda zake.

Lakini ninachoomba ushauri ni hiki. Wale niliowapata mara ya pili wako kwenye mashine, na wajukuu zangu wanagombana namna ya kuweka nakala safari hii. Ngassa anataka programu inayofunga kila kitu kabla hakijatoka chumbani kwake, inayachanganya maneno mpaka anayefungua bila neno la siri anakuta takataka tupu. Neno lenyewe siyo neno, ni maneno sita. Mayige hataki. Walibishana hapa kwangu, ugali ukapoa.

Mayige alisema, "Kufuli zako hizo, ipo siku zitakufungia na wewe nje. Ukianguka na baiskeli nani atafungua? Bibi hajui kusoma."

Ngassa akamwambia, "Na wewe diski unaibeba mfuko mmoja na dagaa. Ikidondoka Lamadi pale stendi, mtu akaiokota, watu wote kuanzia Nassa mpaka Bariadi wasikie nani mtoto wa nani?"

"Dagaa hawajawahi kufuta kitu. Aliyefuta ni mashine yako."

"Aliyeileta diski Jumamosi ni nani?"

"Aliyeniambia nije kila Jumamosi ni nani?"

Nikawaambia nyamazeni. Wakasema haya Bibi, maneno ni yako, chagua wewe. Nichague nini mimi? Nikifunga, ninaogopa yatafungwa milele kama mtu kaburini, na wajukuu wa wajukuu wataoana bila kujua. Nikiacha wazi, naogopa siku moja mwanamke atapigwa na mumewe kwa neno alilolisema kwenye uchungu miaka thelathini iliyopita, na mimi ndiye nililiweka humo. Vyote viwili naviona. Nijibu kwenye gazeti, Justina atanisomea. Nimechoka, na ukungu wa macho sasa umeingia na kichwani.

Wabeja sana.
Bibi mkunga, Kasoli

MSHAURI ANAJIBU

Mwadila, mayu. Nimekusoma mara tatu, na mara ya tatu nilifunga mlango wa ofisi. Pole. Umebeba mzigo ambao hakuna aliyekutwika, umeubeba vizuri kwa miaka arobaini na moja, na umeanguka karibu na mlango. Hilo nalisema kwanza kwa sababu yanayofuata ni makali.

Unaniuliza habari za kufuli, lakini barua yako ilinifikia kwa kondakta wa basi, bahasha haijatiwa gundi, ndani mna majina ya watu walio hai, kijiji chao na msimu aliozaliwa mtoto. Na uliomba itoke gazetini! Majina yote ninayochapa hapa nimeyabadilisha, na kijiji nimebadilisha, na msimu pia. Hukuniambia nifanye hivyo. Justina sasa anajua. Kondakta sijui. Kwa hiyo usinilaumu nikikwambia kwamba diski ya Mayige kwenye mfuko wa dagaa siyo hatari ya kwanza katika nyumba yako.

Mimi mambo ya mashine siyajui, lakini kompyuta za gazeti hili nazo ni za ukoo huo huo wa Unix, na fundi wetu Januarius nimemkalisha chini nikamsimulia bila majina. Swali lake la kwanza lilikuwa kama ile diski ya Nassa imeendelea kutumika baada ya ile Jumamosi. Nikamwambia wiki tatu, na zaidi. Akasema kila kipya kinachoandikwa humo kinakanyaga kilichofutwa. Wale kumi na wanne, mayu, msiwatafute tena humo.

Halafu alikasirika, na hasira yake ilikuwa juu ya Ngassa. Anasema sifa kubwa ya mashine za aina hiyo ni kwamba kila mtu anaingia kwa jina lake, na cha mwenzake hakigusi hata akitaka. Selestini aliwezaje kufuta? Kwa sababu Ngassa aliwaachia wote waingie kwa jina moja, basi. Na programu ya kunakili haikukosea. Ngassa ndiye aliyeiamuru kwamba kisichokuwepo Somanda kisiwepo Nassa. Kitu kinachofuta leo ulichofuta jana siyo nakala, ni kioo. Ukijikata uso mbele ya kioo, na kioo nacho kinatoka damu.

Kwa hiyo wajukuu zako wanagombania jambo la pili kabla hawajamaliza la kwanza. Chombo cha kuchagua ni kile ambacho nakala ya leo haiikanyagi ya mwezi uliopita. Kila nakala ibebe tarehe yake, ikae peke yake. Selestini mwingine akifuta Ijumaa, ya Jumamosi iliyopita iwepo. Januarius anasema Ngassa asitafute kitu kipya cha kujionyesha. Achukue tar, ambayo kila mashine ya ukoo huo inaijua tangu zamani, afungashe sauti zako kwa tarehe, kisha afunge kifurushi kwa GnuPG, programu ya kufunga kwa maneno ya siri, palepale Somanda kabla diski haijaguswa. Kuna nyingine inaitwa duplicity inayofanya yote mawili kwa pamoja, ni nzuri, lakini kama mtu wa kufungua baada ya miaka ishirini atakuwa mtu mwingine, bora kitu cha kawaida ambacho fundi yeyote atakitambua. Diski ziwe mbili, zipishane, moja isifike Somanda wakati nyingine ipo.

Kwa hiyo ndiyo, funga. Katika hili Ngassa ana haki. Maneno haya siyo nyimbo za kwaya. Lakini Mayige naye ana haki, na Ngassa asimcheke. Kufuli ambalo ufunguo wake uko kwenye kichwa cha mtu mmoja anayepanda baiskeli barabara ya Bariadi siyo ulinzi, ni mazishi. Yale maneno sita yaandikwe kwa wino kwenye karatasi mbili, zifungwe kwenye bahasha mbili, na safari hii mtie gundi. Moja iende kwa padre, akae nayo bila kujua ni ya nini. Nyingine mpe mwanamke, mtu mzima asiye mzee, unayemwamini kuliko wajukuu zako, ambaye baada yako ndiye watakayekuja kumsifia mihogo. Usiniambie hayupo. Yupo, umekuwa hutaki kumwona kwa sababu ukimwona ina maana umeisha. Katika kila bahasha Ngassa aandike pia, kwa lugha nyepesi, ni programu gani inafungua na inafunguliwaje. Na karatasi hata moja isilale nyumba moja na diski. Mayige asishike vyote viwili, hata kwa siku moja.

Halafu wewe mwenyewe, ambaye hujui kusoma, ndiye utakayekagua. Kila baada ya miezi minne nenda Somanda, umwambie Ngassa achukue diski iliyotoka Nassa, afungue kifurushi kwenye mashine nyingine, awashe, atoke nje. Sikiliza. Kama unasikia sauti yako inasema pamba ya viwavi, mna nakala. Kama husikii, hamna, hata wakuapie. Mlikuwa na nakala ya kila Jumamosi na hakuna aliyewahi kuirudisha hata siku moja kuona kama inarudi. Hilo ndilo kosa lililonikera kuliko yote.

Sasa tuache mashine, kwa sababu nadhani umeniuliza habari za mashine ili usiniulize lile lingine.

Siri hizo hazikuwa zako, mayu. Ulizisikia kwa sababu ulikuwa chumbani. Wanawake wale walisema mbele ya mtu, na wewe ukazipeleka Somanda ukaziacha kwenye chumba ambacho karani wa pamba anaingia. Hukumuuliza hata mmoja. Ninaelewa kwa nini, na nia yako naiheshimu, ila hukuwauliza. Walio hai waulizwe sasa, mmoja mmoja. Atakayesema toa neno langu, Ngassa alitoe, na mjue kwamba nakala za zamani nazo itabidi zitafutwe moja moja na kusafishwa. Ni kazi. Ifanyeni.

Na Salu na Violeth. Umekaa siku kumi na mbili mbele ya kidude unaita sura ya mwanamke isiyokuja, na mwanamke mwenyewe yuko hatua chache kutoka mlangoni kwako. Hukumbuki kama ni Anna. Muulize Anna! Unasema hasemi kitu. Alikushika mkono kanisani akaukaza, ukadhani anakusalimia. Mayu, wewe umezalisha wanawake miaka arobaini na moja na hujui mkono unaokazwa unasema nini? Miaka yote wazee wamekuja kwako, umesema hapana bila kutaja sababu, na aibu ya mama imebaki mahali pake. Mimi nikiwa Anna, na kama jina lile lilitoka kinywani kwangu, ningekaa kimya hivyo hivyo, nikikungoja wewe useme hapana. Na wewe ukasema subirini.

Inawezekana nimekosea. Inawezekana ni yule wa Geita, na Anna alikukaza mkono kwa sababu tu amesikia unavyosemwa akakuonea huruma. Mimi sijui, na wewe hujui. Usibahatishe. Usiwaambie wazee sawa ili wakuache, wala hapana ili ulale. Na hayo maneno wanayoyatembeza juu yako siyo ya kuchekea, mwambie padre leo hii, na Ngassa asikuache ulale peke yako mpaka jambo hili liishe.

Lakini kwa Anna nenda peke yako, mchana, Ngeleja akiwa shambani. Usimwulize kwanza. Kwanza mwambie kwamba neno lake, kama lilikuwa lake, ulilisema kwenye mashine bila ruhusa yake, na kwamba limefutika, na kwamba limefutika na kwako pia. Atakasirika. Pengine atakutukana kama siku ile ya uchungu. Kaa chini, usijitetee, mpaka amalize. Halafu umuulize. Wewe umesahau, mayu. Yeye hajasahau.